Barua ya Wazi kwa Waziri wa Nishati na Petroli: Hewa ya Ukaa Inaswe kwa Umeme wa Usiku wa Manane

Mheshimiwa Waziri,

Kazi ya kunasa hewa ya ukaa iliyokwisha kutapakaa angani imeingia Kenya kupitia kampuni ya Octavia Carbon, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2022, ambayo hutegemea zaidi joto la jotoardhi katika Bonde la Ufa. Ipo pia njia ya elektrokemia, yaani ya kuendesha mabadiliko ya kikemia kwa umeme, nayo inastahili kuwekewa utaratibu mapema.

Katika njia hiyo, maji ya chumvi hupitishiwa umeme kati ya tando zinazochuja ioni, ambazo ni chembe zenye chaji, mpaka zikapatikana asidi upande mmoja na alkali upande wa pili. Alkali huinyonya hewa ya ukaa, kisha asidi huitoa ikiwa safi, tayari kuzikwa katika miamba ya basalti kama ile ya Bonde la Ufa. Huko Hellisheiði, nchini Iceland, jaribio lililoanza mwaka 2012 lilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 95 ya hewa iliyozikwa iligeuka jiwe katika muda usiofika miaka miwili.

Njia hii haihitaji tanuri, ila hula umeme mwingi, kwa kuwa hewa ya ukaa ni takriban sehemu 420 tu katika kila sehemu milioni za hewa. Hata kinadharia, kutenga tani moja hakuwezekani kwa chini ya kilowati-saa 120 hivi, na mitambo halisi hutumia mara kadhaa ya kiasi hicho.

Hapo ndipo Buruburu, mtaa wetu wa Eastlands jijini Nairobi, unapohusika. Jioni, majiko yanapowashwa, watoto wanapodurusu na vinyozi wa Mumias South Road wanapopata wateja, ndipo gridi ya taifa huelemewa. Usiku wa manane, mahitaji yakishuka, mvuke wa mitambo ya jotoardhi ya Olkaria huachiliwa ukapotea bure.

Kwa hiyo Wizara inaombwa iagize kwamba mitambo ya aina hii, ambayo yaweza kupunguzwa kasi na kuongezwa, ipewe umeme wa saa za ziada pekee. Itangaze hadharani kilowati-saa zinazotumika kwa kila tani. Na ifadhili majaribio katika vyuo vikuu vya Kenya. Anga ni ya wote, na kuisafisha kusiwe sababu ya kuzima taa ya mwanafunzi wa Eastlands.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Buruburu, Nairobi