Binti wa Karatasini na Binti wa Dawa

Kuna mchezo mmoja ambao vijana wa mijini wanaupenda, na watoto wa Fizi waliokulia kambini Nyarugusu kisha wakapelekwa kukaa Marekani huweza kuukuta huko. Si karata wala si bao. Watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja ndiye msimulizi: hueleza msitu, mto, na zimwi linalolinda daraja. Wengine, kila mmoja ana mtu wake wa kubuni aliyeandikwa katika karatasi, naye husema, “Mtu wangu anafanya hivi.” Kisha hutupa dadu lenye pande 20, nalo huamua kama amefaulu. Dungeons & Dragons, mchezo wa kwanza wa namna hiyo kuuzwa, ulitolewa Marekani mwaka wa 1974.

Wasichana wengine hupenda kumbuni binti wa namna ya katuni za Kijapani: mwanafunzi aliye kama wenzake, ila akitamka neno lake mavazi hubadilika, naye hupata nguvu za ajabu za kuwaokoa watu. Katuni hizo zilianza na Sally, binti mchawi, mwaka wa 1966, na Sailor Moon wa mwaka wa 1992 akazieneza duniani.

Basi, wako wazee ambao wakisikia habari hii hupiga kelele: “Uchawi umeingia nyumbani! Chomeni karatasi hizo!” Nami nawajibu bila kificho: Wazee wangu, mnakichoma mkuki kivuli, na chui amelala nyuma yenu.

Uchawi unaoogopwa na watu wetu hukaa gizani, hutaka kumdhuru mtu, na bei yake haitajwi. Je, mchezo huu una lipi kati ya hayo? Mtoto haabudu kitu, haiti pepo, hamlogi jirani. Anasimulia hadithi. Bibi zetu waliotusimulia habari za sungura asemaye na zimwi limezalo kijiji kizima, je, walikuwa wachawi?

Tena tazameni jinsi binti huyo anavyoandikwa. Sheria moja ya mchezo humpa mchezaji alama 27 tu za kununulia uwezo wa namna sita: nguvu, wepesi, uimara wa mwili, akili, busara na mvuto. Alama hizo hazitoshi kununua yote. Atakaye binti mwenye mvuto mkubwa lazima akubali pengine mikono iliyo dhaifu. Maneno yake ya ajabu nayo huhesabiwa: yakiisha, hana budi kupumzika. Akijeruhiwa, wote huona, na wenzake humkimbilia. Hakuna anayemwambia, “Umeanguka kwa sababu wewe ni mwovu.” Ndilo somo la karatasi ile: kila nguvu ina bei, na bei huandikwa mbele ya wote kabla mchezo haujaanza.

Sasa tugeuke tumtazame chui.

Sisi wa Lulimba hatuhitaji kufundishwa neno dawa. Katika uasi wa Simba wa miaka ya 1964 na 1965, vita vilifika hapa petu. Che Guevara, aliyekuja milima ya Fizi pamoja na Wakuba mwaka wa 1965, aliandika jinsi wapiganaji walivyopakwa dawa na kuambiwa kwamba risasi haitawapata, kwa masharti: wasichukue kitu cha mtu, wasiguse mwanamke, wasiogope. Akifa mmoja, jibu lilikuwa tayari: aliiba, au alilala na mwanamke, au aliogopa. Lo, ujanja gani huo! Dawa haikosei kamwe. Mwenye kosa ni maiti, na maiti hawezi kujitetea.

Na wasichana je? Katika vita vya Kamuina Nsapu huko Kasai, miaka ya 2016 na 2017, wasichana wadogo walitangulizwa mbele ya wapiganaji, wamevaa sketi za majani, wameaminishwa kwamba sketi hizo zingezuia risasi. Huyo ndiye binti wa ajabu wa nchi yetu. Ana vazi lake, ana nguvu zake, ana wenzake. Lakini hakujibuni mwenyewe. Wakubwa ndio waliomwandika, wala hawakumwonyesha karatasi.

Wajapani wenyewe wameliona jambo hili. Katika katuni yao ya mwaka wa 2011, Madoka Magica, kiumbe kidogo cha kupendeza huwajia wasichana na kuwaahidi kuwatimizia ombi moja wakikubali kupigana. Bei kamili hawaijui mpaka wamekwisha kupatana. Mtunzi hakumsifu kiumbe yule, alimfichua. Ni wangapi kwetu wamefichua chupa ya dawa kwa sauti kubwa hivyo?

Mtu akisema kwamba msichana hawezi kuwa shujaa bila dawa, mwambieni habari za Anuarite Nengapeta. Aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 na Simba, watu wale wale waliojipaka dawa. Yeye hakujipaka kitu. Alikataa kutendewa uovu, akajua bei yake, akailipa mwenyewe. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri Kinshasa mwaka wa 1985.

Serikali nayo imesema. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumwingiza katika kundi la silaha mtoto asiyetimiza miaka 18. Sheria hiyo hiyo inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi hadharani: wenye kelele, sikieni! Na Thomas Lubanga wa Ituri alihukumiwa mwaka wa 2012 na Mahakama ya Kimataifa kwa kuwatia vitani watoto wasiotimiza miaka 15. Akapewa miaka 14 gerezani. Hakuna sheria iliyomhukumu msichana kwa kutupa dadu.

Kama binti anaacha shamba na masomo kwa ajili ya mchezo, mkanye. Hiyo ni kazi ya mzazi, hata kwa mpira. Lakini usimwite mchawi. Afadhali uketi naye mezani, umwulize: “Huyu binti wako, nguvu zake amezipata kwa nani? Bei yake ni nini? Nani atailipa?” Binti aliyezoea kujibu maswali hayo mezani atayauliza mwenyewe siku mtu mzima atakapomjia na chupa ya dawa na kumwambia atangulie mbele. Siku hiyo, enyi wazazi, mtafurahi kwamba hamkuichoma ile karatasi.