Chama Kilipoiua Ujamaa

Miaka nenda miaka rudi tunaambiwa kwamba ujamaa wa Tanzania uliangushwa na mabeberu, ukame, bei ya mafuta na vita vya Kagera. Yote hayo yalituumiza, sikatai. Lakini pigo la kwanza lilitoka kwa wale wale walioapa kuujenga.

Nendeni Litowa, Ruvuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa chama tawala cha TANU walikwenda huko, wakafyeka pori, wakalima pamoja na kugawana mavuno kwa makubaliano yao. Hakuna aliyewaswaga. Vijiji vingine vikafuata, vikaungana katika umoja uliojulikana kwa kifupi RDA. Wakawa na mashine ya kusaga nafaka, mashine ya kupasua mbao na shule iliyofundisha watoto wao maisha ya kijijini. Kila jambo lilijadiliwa mkutanoni, na mwanachama aliweza kumkatalia kiongozi wake. Mwalimu Nyerere aliwasifu, na walikuwa mfano hai wa kile alichokiandika mwaka 1967 kuhusu ujamaa vijijini.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikaipiga RDA marufuku. Mali zake zikachukuliwa. Kosa lao lilikuwa moja tu: walikuwa wajamaa bila kusubiri amri ya mkuu wa mkoa.

Kilichofuata kinakumbukwa na wazee wetu. Novemba 1973 kuishi vijijini kukawa amri. Mgambo wakaja na malori, vyombo vikatupwa juu, na mahali pengine nyumba zikachomwa moto ili mwenyewe asirudi. Mkulima aliyeijua ardhi yake tangu utotoni akashushwa porini, msimu wa kupanda ukiwa umewadia. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikuwa umewakataza viongozi kiburi na ubabe. Karatasi ilikataza, malori yakaja.

Mei 1976 ikawa zamu ya vyama vikuu vya ushirika. KNCU ya Kilimanjaro, iliyoundwa mwaka 1933 na kuhimili utawala wa mkoloni, ilivunjwa na serikali iliyojiita ya wakulima na wafanyakazi. Zao la mkulima likaachiwa mamlaka za mazao, ambazo yeye hakuzichagua wala hakuweza kuziondoa. Mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba kuvunja ushirika lilikuwa kosa. Namheshimu kwa kukiri. Lakini kosa hilo lina ukoo mrefu.

Machi 1921 mabaharia wa Kronstadt, waliosifiwa mwaka 1917 kuwa fahari ya mapinduzi ya Urusi, walidai mabaraza yachaguliwe upya kwa kura ya siri, na wafanyakazi na wakulima wawe na uhuru wa kusema. Lenin na Trotsky wakawapelekea jeshi, likavuka bahari iliyoganda barafu na kuwaponda. Nyerere hakuwa Lenin, na Litowa haikumwagiwa risasi. Ila imani iliyotenda kazi ni ile ile: kwamba chama kinayajua maslahi ya mnyonge kuliko mnyonge mwenyewe. Ukishaikubali imani hiyo, mkulima anayekataa anageuka adui wa mkulima, na mwenye bunduki anageuka mkombozi. Ndiyo maana chama kilichoshika hatamu huanza na wajamaa wanaojitegemea. Bepari kinaweza kumtaifisha na kumwita kupe. Mjamaa huru kinamwogopa, kwa sababu anathibitisha kwamba watu wanaweza kushirikiana bila chama kuwasimamia.

Leo vijana wanarudi kwenye mapinduzi. Hasira yao naielewa: ardhi inaporwa, kazi hakuna, wakubwa wanaogelea katika anasa. Lakini yeyote anayewaitia mapinduzi aulizwe hadharani, kabla hajapewa hata kadi moja ya uanachama: wanakijiji wakipiga kura kukukatalia, utafanya nini? Akisita, tumnyime hatamu.