Marudio, Mwalo na Duara: Swali la Mchimbaji na Wajibu wa Anayejibu

Tangu H. P. Grice alipochapisha hoja yake mwaka 1975, wanaisimu wengi wamekubali kwamba mazungumzo huongozwa na kanuni ya ushirikiano: msemaji atoe habari ya kutosha, ya kweli, inayohusiana na jambo lililoulizwa, na iliyo wazi. Kanuni hiyo humchukulia msemaji kuwa mtu anayemjua, walau kwa kukisia, yule anayesema naye. Kurasa nyingi zinazotangulizwa siku hizi na mitambo ya utafutaji ya intaneti hazina msemaji wa namna hiyo. Zimeandikwa, tena aghalabu na mashine, ili zionekane na mtambo.

Hasara yake huonekana vizuri mahali kama Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale mkoani Geita, katika ukanda wa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Katika lugha ya wachimbaji hao, duara si umbo la hesabu bali ni shimo la kuchimbia. Mwalo si mahali wavuvi wanapotia nanga bali ni mahali pa kuoshea dhahabu. Na marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa, ambao bado una dhahabu ndani yake. Mathalani mchimbaji akiuliza namna ya kuchenjua marudio kwa sayanidi, mtambo usioijua maana hiyo utamletea marudio ya mechi za mpira, au ukurasa uliofasiriwa neno kwa neno, au tangazo la muuza kemikali.

Mtu aliyefanya kazi mwaloni, akilikuta swali hilohilo katika kundi la mtandaoni, hana budi kuanza kwa kuuliza: je, marudio hayo yalipitishwa katika zebaki? Iwapo yalipitishwa, sayanidi itaiyeyusha zebaki pamoja na dhahabu, na sumu hiyo itasafiri kwa urahisi zaidi kwenye maji. Zebaki sharti iondolewe kwanza. Muulizaji hakuligusa jambo hilo, yamkini kwa sababu hakujua kwamba linahusika. Na hapo ndipo penye tofauti baina ya kujibu maneno ya mtu na kumjibu mtu mwenyewe. Mjibuji mwaminifu atataja pia mahali ujuzi wake unapokoma, na kumwelekeza mwenzake kwa Afisa Madini Mkazi.

Ni kweli kwamba makundi hayo yana wababaishaji wengi, na wengine wana bidhaa za kuuza. Hata hivyo, mbabaishaji huweza kuulizwa na kupingwa papo hapo na mwenye ujuzi. Ukurasa hauulizwi.

Wataalamu wa Kiswahili nao wana sehemu yao. Wapo wanaoona fahari kumsahihisha muulizaji, wakimwambia aandike "masalia" badala ya marudio. Jibu lililosafishwa hivyo halitapatikana na mchimbaji mwingine atakayetafuta kwa neno lake mwenyewe. Mkataba wa Minamata uliopitishwa mwaka 2013, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, umetaja katika Kiambatisho C kwamba matumizi ya sayanidi juu ya mabaki yenye zebaki ni miongoni mwa mambo ya kukomeshwa. Matini zake rasmi ziko katika lugha sita, na Kiswahili hakimo. Anayeandika sharti hilo kwa msamiati wa mwaloni, chini ya swali la mchimbaji mmoja, anafanya kazi ya tafsiri ambayo idara nyingi hazijaianza.