Neno "Daima" katika Karatasi ya Kemia

Kijana wetu wa kidato cha tatu alirejea nyumbani na karatasi ya mtihani wa kemia iliyokwaruzwa kwa kalamu nyekundu. Alikuwa ameandika kwamba sodiamu "kwa kawaida" hutoa elektroni moja na kubaki na chaji chanya. Mwalimu aliyakata maneno hayo, akaandika juu yake "daima". Mama yake akaniuliza, msomaji mpendwa, kama neno moja linastahili kelele zote zile za sebuleni. Linastahili.

Mwaka 1974 James Dye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, walitangaza kupata fuwele zenye rangi ya dhahabu. Ndani yake mlikuwamo sodiamu za namna mbili: moja imetoa elektroni, nyingine imeipokea na kuwa na chaji hasi. Ndugu wa tumbo moja, mmoja mtoaji na mwenziwe mpokeaji.

Siri imo katika kizimba. Katika hali ya kawaida sodiamu iliyotoa huirejesha elektroni ile upesi, pakabaki metali tupu. Dye alitumia kriptandi, molekuli yenye uwazi katikati, iliyobuniwa na Jean-Marie Lehn wa Strasbourg, Ufaransa, ambaye mwaka 1987 alishiriki Tuzo ya Nobeli kwa kazi za aina hiyo. Atomu za oksijeni na nitrojeni za kizimba hicho huizunguka sodiamu chanya na kuishika barabara. Elektroni, ikikosa pa kurudi, huiendea atomu nyingine ya sodiamu, ikafanya jozi na ile moja iliyokuwa ukingoni.

Rangi ya dhahabu peke yake si ushahidi. Wangapi wameuziwa shaba! Eksirei ndizo zilizofichua mpangilio: vizimba vyenye sodiamu chanya, na baina yake sodiamu hasi zisizofungwa na chochote, nene kuliko zile za ndani. Baadaye potasiamu, rubidi na sesi nazo zilipatikana zikiwa na chaji hasi.

Fuwele hizi si za kujaribiwa jikoni. Hewa na unyevu huziharibu, na nyingi hazistahimili hata joto la chumba.

Nimemwambia kijana amwendee mwalimu baada ya kipindi, amwamkie kwanza, kisha amsimulie habari za Dye. Alama asiidai. Amekubali yote isipokuwa hilo la mwisho.