Mtaji wa Kwanza Uko kwa Mwenye Kuumia

Vijana wetu wanaoandika programu za kompyuta wana kilio kimoja siku hizi: nchi haina wawekezaji. Wanaandaa slaidi, wanahudhuria makongamano katika kumbi za hoteli, wanaandika barua pepe kwa mifuko ya Nairobi, London na California, kisha wanarudi nyumbani na kadi za majina mfukoni. Kilio hicho kina ukweli ndani yake, lakini hakimalizi habari. Wengi wao wanabisha hodi pasipo pao. Mwenye programu ya fani moja finyu asimtafute kwanza mwenye fedha nyingi. Amtafute mwenye kuumia, yaani mtu anayepata hasara kila mwezi kwa tatizo lile lile ambalo programu imekuja kuliondoa.

Programu ya fani finyu ni ile isiyokusudiwa kila mwenye simu. Ni ya kuendesha zahanati, ya kupimia maziwa kwenye kituo cha ushirika, ya kufuatilia makontena bandarini, ya kugawa zamu za maji katika skimu ya umwagiliaji. Asiyeijua kazi hiyo haoni thamani yake hata ukimwonyesha kutwa nzima. Mwekezaji mgeni atakuuliza soko lako lina watu milioni ngapi. Ukimjibu kuwa lina vyama mia tatu, atafunga daftari. Mtu wa fani yenyewe ana swali jingine: je, kitu hiki kingeuzuia ule upotevu ulionitia hasara msimu uliopita?

Wako waliopita njia hii zamani. Mwaka 1972 wahandisi watano walioacha kazi IBM nchini Ujerumani walianzisha kampuni iliyokuja kuitwa SAP. Hawakuwa na mwekezaji, wala kompyuta yao wenyewe. Walichokuwa nacho ni mteja mmoja: kiwanda cha nyuzi za nailoni cha kampuni ya ICI kule Östringen, kilichosumbuliwa na hesabu zake. Kiwanda kiliwalipa, nao wakatumia kompyuta za mteja usiku na siku za mapumziko. La maana zaidi, programu ile waliijenga kwa namna ya kuweza kuuzwa kwa viwanda vingine pia. Hisa zao hazikuingia soko la umma hadi 1988. Mfadhili wa kwanza wa kampuni hiyo, ambayo leo ni miongoni mwa kubwa kabisa duniani katika kazi ya programu, alikuwa mteja mwenye shida.

Tulilete jambo hili kwetu. Tuseme yupo kijana wa Masasi au Newala aliyetengeneza programu ya kupokelea korosho kwenye chama cha msingi, AMCOS. Korosho ya kusini mwa Tanzania huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupima mzigo wake chamani, chama huupeleka ghala kuu, mnada hufanyika, na malipo humfikia mkulima kupitia benki baada ya makato. Kila hatua ina karatasi yake, na kila karatasi yaweza kuzaa ugomvi: kilo zilizopungua njiani, daraja lililobadilika, namba ya akaunti iliyokosewa. Nani anaumia hapo? Mkulima kwanza, lakini yeye hana mtaji wa kukupa, wala usimwombe. Anaumia meneja wa chama anayetuhumiwa wizi kwa hesabu isiyolingana. Kinaumia chama kikuu, kiwe MAMCU au TANECU, kinapongoja takwimu zisizofika. Anaumia mwenye ghala. Anaumia msafirishaji anayedaiwa kilo asizozila. Inaumia benki inayorudishiwa malipo yaliyokosa mwenyewe. Orodha yako ya wawekezaji ianzie hapo, kabla hujapanda basi kwenda Dar es Salaam.

Hao nao usianze kuwauzia hisa. Waombe walipie msimu mmoja wa majaribio, katika vyama vichache, kwa bei iliyoandikwa na kutiwa saini. Atakayelipa atakuwa amekupa mambo matatu kwa mpigo: fedha, ushahidi kwamba kazi yako ina thamani, na mtu wa kukusemea usipokuwapo. Akiona nafuu, mara nyingi yeye mwenyewe ndiye atakayeuliza kampuni ni ya nani na kama kuna nafasi ya kuingia. Ila akitaka hisa kwa sharti kwamba usiwauzie wenzake, kataa kwa adabu. Wale wa SAP wangefungwa na sharti hilo, wangebaki mafundi wa kiwanda kimoja.

Najua nitaambiwa: fani finyu haiwezi kumvutia mwekezaji mkubwa hata baadaye, maana soko ni dogo. Hoja hii ina nguvu, lakini yasomwe ya Veeva. Peter Gassner, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya programu ya Salesforce, aliianzisha kampuni hiyo Marekani mwaka 2007 ili kuwatengenezea programu watu wa kampuni za dawa tu, akianza na mawakala wanaozunguka kwa madaktari. Fedha ilizochukua kwa wawekezaji kabla ya kuingia soko la hisa ni kama dola milioni 7. Ilipoingia soko la New York mwezi Oktoba 2013, ilithaminiwa kwa zaidi ya dola bilioni 4. Tuangalie basi ni nani aliyeiamini mapema: Emergence Capital, mfuko uliojifunga na programu za biashara zinazotolewa kwa intaneti, na uliokuwa umeweka fedha Salesforce kabla ya hapo. Mfuko huo uliijua kazi yenyewe, na uliujua ulimwengu alikotoka Gassner. Ufinyu wa fani haukumtisha aliyeielewa.

Basi hata unapofika wakati wa kuendea mifuko, chagua kwa macho. Soma mfuko umeweka fedha wapi huko nyuma. Uliojaa kampuni za mikopo ya simu hautakuelewa ukileta korosho, hata ukikukaribisha chai. Barua ishirini zilizoandikwa kwa watu wanaojua kilimo, ghala na usafirishaji zinashinda barua elfu moja zilizotawanywa.

Na barua hizo ziwe na mtu wa kuzitanguliza. Agosti 1998 Larry Page na Sergey Brin walimwonyesha Andy Bechtolsheim mtambo wao wa kutafuta habari kwenye intaneti. Papo hapo aliwaandikia hundi ya dola 100,000 kwa jina la Google Inc., kampuni ambayo ilikuwa haijasajiliwa bado; ilisajiliwa Septemba. Watu hupenda kuisimulia hundi ile kama bahati. Wanasahau kwamba aliyewakutanisha ni David Cheriton, profesa wa Stanford aliyewafahamu vijana wale na kumfahamu Bechtolsheim, na kwamba Bechtolsheim mwenyewe alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya Sun Microsystems. Alikuwa na elimu ya kuelewa alichoonyeshwa, na aliletewa na mtu aliyemwamini. Wewe nawe unaye Cheriton wako: mwalimu wako wa chuo, mkaguzi wa ushirika aliyestaafu, meneja wa chama aliyekulipa msimu uliopita. Mwombe akutambulishe kwa mtu mmoja tu, kisha usimwaibishe.

Sasa tuseme fedha imepatikana. Hapa ndipo wengi huangamia, kwa kuwa waliokaa na njaa muda mrefu hutia saini bila kusoma. Piga hesabu. Ukimpa mtu hisa 40 katika kila 100 kwa shilingi milioni 10, umekiri kwamba kampuni nzima ina thamani ya milioni 25. Mmebaki na 60. Mwakani akija mwekezaji wa pili akachukua sehemu ya tano ya kampuni, zenu zitashuka hadi 48, na kama mko waanzilishi wawili, kila mmoja ana 24. Mmekuwa wageni katika nyumba mliyoijenga, na mwekezaji makini wa tatu akiona mgawanyo huo ataondoka, maana atajua wenye kazi hawana tena sababu ya kukesha. Kukopa arusi, kulipa matanga. Na kuuza hisa ovyo hakuna hata tarehe ya kumaliza kulipa.

Sheria nayo ina neno lake. Kampuni binafsi nchini Tanzania hairuhusiwi kuualika umma kununua hisa zake, na wanachama wake wana kikomo cha 50. Kwa hiyo kutangaza hisa katika makundi ya WhatsApp ni kujitafutia kesi. Jisajilini kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, andikianeni mkataba ninyi waanzilishi kabla fedha haijaingia, na hakikisheni kwamba programu ni mali ya kampuni, si ya rafiki aliyesaidia kuiandika likizoni wala ya mwajiri wenu. Kisha wekeni vitabu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mwekezaji asiyeonyeshwa daftari hana sababu ya kuamini kuwa mali ipo.

Mjihadhari na aina mbili za fedha. Ya kwanza ni ya dalali anayedai ada ya usajili au ya kuandaa nyaraka ili akuletee mwekezaji kutoka ng'ambo. Mwekezaji wa kweli huja kutoa; anayeanza kwa kupokea ni tapeli. Ya pili ni ya kiinua mgongo cha baba au fungu la kikoba cha mama. Kikoba hukopesha kwa miezi michache, nayo programu hudai miaka kabla ya kurudisha kitu. Ukichanganya hayo mawili utapoteza biashara na ndugu kwa siku moja.

Tena si kila programu inastahili mwekezaji. Anayenunua hisa anataka siku moja atoke na fedha maradufu mara nyingi. Ikiwa wateja wako mia tatu wanaweza kuilisha kampuni ya watu wanane kwa heshima, huna haja ya kumwahidi mtu utajiri usiokuwapo. Wala kukosa mwekezaji si kudumaa: kampuni ya programu ya Mailchimp, ya Atlanta kule Marekani, ilianza mwaka 2001, ikakua kwa malipo ya wateja bila kuuza hisa kwa wawekezaji wa nje, na mwaka 2021 kampuni ya Intuit ikakubali kuinunua kwa dola bilioni 12 hivi, kwa fedha taslimu na hisa.

Nanyi wenye maghala, malori, viwanda na vyama, neno lenu ni hili. Mmezoea kuweka akiba katika viwanja na nyumba za kupangisha, na hakuna anayewalaumu. Lakini hasara mnazozilalamikia kila msimu hazitaondolewa na mfuko wa London usiojua gunia la korosho likoje. Kijana akija na dawa ya hasara hiyo, msimpe sifa tupu na soda. Mlipieni msimu mmoja. Akifanya vizuri, ingieni naye kwa sehemu ndogo na mkataba ulio wazi, na mmwache awauzie na washindani wenu.

Nawe kijana, funga slaidi zako. Kesho asubuhi nenda chamani, kaa na karani wa mizani hadi jioni, uone kalamu yake inakosea wapi. Kisha andika bei yako, umpelekee anayelipia makosa hayo.