Rift Valley Iko na Milima ya Kutoa Bingwa, Lakini Baiskeli Itapita Wapi?

Kama ulikuwa mtandaoni Septemba 2025, lazima uliona Kigali. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza kabisa, kutoka tarehe 21 hadi 28. Tadej Pogačar wa Slovenia alibeba taji la wanaume, na ile milima ikachapa wasee vibaya sana. Zaidi ya 160 walianza hiyo mbio ya mwisho, 30 tu ndio walimaliza. Wakenya wengi tuliangalia tukajiuliza, manze, kwani sisi hatuna milima?

Tunayo, na si haba. Shida yetu haijawahi kuwa mlima. Shida ni ile nusu mita ya lami unayobakishiwa trela ikikupita.

Cheki kwanza vile tumebarikiwa. Ukitoka Nairobi asubuhi na baiskeli, saa chache baadaye uko kwenye nchi ya volkano. Ngong Hills, mita 2,460, ni mabaki ya volkano ya zamani. Suswa ni volkano. Longonot, mita 2,776, ni volkano na shimo lake unaliona vizuri ukipanda. Hapo Olkaria mvuke wa chini ya ardhi unazalisha stima tangu 1981. Hakuna kaunti iliomba hizi vitu. Tulizikuta tu.

Halafu kuna hewa. Limuru iko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Kila pumzi unayovuta pale inakupa karibu robo tatu ya oksijeni ambayo beshte yako wa Mombasa anapata. Mwili ukikaa hapo wiki kadhaa, figo zinatuma ujumbe na uboho unaanza kutengeneza seli nyekundu zaidi za damu. Wazungu wanalipa ganji ndefu kwenda kambini kutafuta hiyo kitu. Wewe ukiishi Limuru unaipata bure, hata ukilala.

Na njia zenyewe? Kuna ya Kiserian kupitia Kona Baridi kwenda Magadi. Unaanza karibu mita 2,000 na jaketi, unaisha karibu mita 600 ukitafuta maji kama ngamia. Kurudi ndio utajua hujui. Kuna Ngong kwenda Suswa, upepo umekushika kifua bonde lote. Kuna ile ya Rironi kushuka Mai Mahiu mpaka Naivasha. Ukifika Naivasha, Moi South Lake Road inakupeleka Hell's Gate, moja ya mbuga chache hapa kwetu ambazo unaruhusiwa kuingia na baiskeli na kupita kando ya pundamilia.

Usifikirie hii ni hadithi tu. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Aliyemfunza baiskeli akiwa kijana ni David Kinjah, pale Kikuyu, kwenye hizi hizi barabara. Froome akaenda kushinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Lakini zote alishinda akiwa chini ya bendera ya Uingereza, kwa sababu ya Kenya aliiwacha 2008. Kwa hivyo swali la kama milima yetu inaweza kutoa bingwa lilishajibiwa zamani.

Sasa tuongee ukweli. Rwanda haikutushinda na volkano. Iko nazo, ndio. Musanze iko chini ya Virunga, na Karisimbi inafika mita 4,507. Kile walifanya ni kuamua. Tour du Rwanda imekuwa mbio ya kimataifa tangu 2009, na kila mwaka barabara zinafungwa, polisi wanasimama kwa kona, na watoto wa shule wanajaa kando kushangilia. Kambi ya timu yao iliwekwa Musanze, hapo hapo chini ya mlima. Mtoi wa huko anakua akijua baiskeli ni kitu serikali inaheshimu.

Hapa kwetu, mtoi wa Mai Mahiu anakua akijua trela inaheshimiwa kuliko yeye. Kwa mteremko, lori limebeba tani zake, breki zimechemka, na mathree iko nyuma inataka kuovateki. Wewe na baiskeli uko wapi hapo? Kwa ukingo. Na ukingo wenyewe umeliwa.

Hii ya kuliwa ina sababu. Udongo wa hili bonde mwingi ni jivu la volkano, na jivu halishikani. Mvua kubwa ikikuja bila mitaro ya maana, maji yanaubeba kama unga. Unakumbuka Machi 2018, ufa mkubwa ukakata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok? Hiyo ilikuwa mfano mkubwa. Mfano mdogo unaupata kila siku: lami inaanza kuvunjika kutoka pembeni. Na pembeni ndio mahali sheria na woga vimekuambia upitie.

Mbona tunaongea haya sai? Kwa sababu Novemba 2025 Rais Ruto alizindua ujenzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, na mradi umejumuisha pia ile ya Rironi, Mai Mahiu hadi Naivasha. Itakuwa barabara ya kulipia. Tayari tunajua Expressway ya Nairobi inafukuza baiskeli na nduthi. Kule mjini angalau uko na barabara ya chini. Kwa mteremko wa Mai Mahiu, ukinyimwa lami unabaki na hewa.

Na usidanganywe hii ni stori ya masonko wenye baiskeli ya bei ya gari. Simama Moi South Lake Road asubuhi uone. Wafanyakazi wa mashamba ya maua wako kwa baiskeli na kwa miguu. Mwenye kubeba maziwa, mwenye kubeba makaa, wote wako hapo. Ukingo mpana unaomsaidia bingwa wa kesho ndio unamfikisha mama wa maua keja akiwa mzima. NTSA yenyewe kila mwaka inatuambia wanaokufa wengi zaidi barabarani ni watembea kwa miguu, na hao pia wanatumia ukingo huo huo.

Kuchora pia hakutoshi. Thika Road ilifunguliwa 2012 ikiwa na njia za baiskeli. Leo zingine ni steji ya nduthi, zingine zinauza viatu. Njia bila wa kuilinda inageuka soko.

Kwa hivyo, watu wa KeNHA wakikuja kwenu kuongea kuhusu hii barabara, usiulize tu fidia na kazi ya vijana. Uliza mambo matatu. Ukingo utakuwa mpana kiasi gani, na utaendelea bila kukatika mpaka chini? Mitaro itatoa maji wapi, kwenye huu udongo wa jivu? Na baiskeli ikikatazwa kwenye ile ya kulipia, itapita wapi? Ukipewa jibu la "tutaangalia," omba liandikwe.

Volkano ilimaliza kazi yake kitambo, na haikututoza kitu. Kilichobaki ni mita mbili za lami kila upande, na hizo zinapimwa sasa, kabla tingatinga ipite. Zikisahaulika, bingwa mwingine atafunzwa hapa, halafu tutamshangilia kwa TV akivaa jezi ya watu wengine.