Ngiri kubwa ya tumbo isishonwe kwa uzi pekee

Ngiri kubwa inayotokea penye kovu la upasuaji wa tumbo haifai kushonwa kwa uzi pekee. Uzi huvuta misuli iliyokwisha kudhoofika. Wavu wa tiba unaoshonewa kwenye ukuta wa tumbo husambaza mvuto huo. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa katika miaka 10 ngiri ilirudi kwa asilimia 63 ya walioshonwa, dhidi ya asilimia 32 ya waliowekewa wavu.

Wapo wasemao wavu ni ghali na huweza kuleta maambukizi. Hoja hizo ni za kweli, lakini kupasuliwa tena nako kuna gharama na hatari, na maambukizi hupungua mgonjwa akiacha sigara na kudhibiti kisukari kwanza. Kuhusu bei, kwa ngiri ya kinena, utafiti wa Uganda wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wavu wa bei nafuu hufaa. Bima za afya zigharimie wavu.